Siku Niliyofungwa Macho Nisikilize Redio

Kila asubuhi kabla ya shule, hapa kwetu Kashuga, mimi hufagia ua, Mama hupuliza moto wa chai, na redio ya Papa hutusomea habari kutoka dirishani. Papa aliiacha alipokwenda Omate kuchimba madini. Kwangu hapakuwa na redio tamu kama hiyo, na aliyebisha nilimnunia wiki nzima.

Siku moja ilinyamaza kabisa. Mama akaipeleka kwa Symphorien, fundi aliyekimbia vita na kuweka meza yake kando ya kambi ya wakimbizi. Mimi sikumpenda hata kidogo. Binti yake, Uwizeye, alikuwa ameingia darasani kwetu mwaka huo, na katika mtihani wa kwanza tu alininyang'anya nafasi ya kwanza. Kwa sababu hiyo nilimchukia yeye na baba yake pamoja.

Symphorien alikuta waya mmoja umekatika, akaulehemu mbele ya Mama. Redio ikasema. Mama alifurahi, mimi nikakunja uso.

"Mama, hii haiko sauti ya redio ya Papa. Inalia sawa mukebe! Ule muntu ameiba bafle ya ndani yenye kutoa sauti, ametia ingine ya ovyo."

"Nadine, nilikuwa pale. Bafle hakuigusa."

Sikumsikiliza. Niliutangaza wizi huo kisimani, nikautangaza tena darasani huku Uwizeye akinitazama. Wiki haikuisha, watu wakaenda kuchukua redio zao. Mama Léontine, muuza maharage, alimwita Symphorien mwizi mbele ya soko zima, na vijana wakaipindua meza yake. Uwizeye hakuja shule siku mbili. Nami, nasema kweli, nilifurahi.

Mama alipopata habari, alinishika mkono akaniburuta hadi kwa fundi. Alikuwa amemwomba jirani yetu, Papa Isidore, alete redio yake, kwa kuwa ni ya aina moja na yetu. Watu wakajaa. Mama akanifunga macho kwa kitenge.

"Hii iko ya Papa Isidore," alisema. Redio ikaimba.

"Musikie! Hii njo redio ya kweli," nikasema. "Sauti imejaa."

Ikanyamaza kidogo, kisha wimbo ukaendelea. "Na hii njo yetu," Mama akasema.

"Inakwaruza! Ameiharibu, mwizi huyu!"

Watu wakaangua kicheko. Nilidhani wanamcheka Symphorien. Mama alipofungua kitenge, nikaona redio ya Papa Isidore imezimwa, na betri zake ziko mkononi mwa mwenyewe. Mara zote mbili iliyoimba ilikuwa yetu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Masikio yako iko mazima," Mama alisema kwa ukali. "Lakini ulisikiliza na chuki. Papa Isidore unamupenda, sauti ikakuwa muzuri. Symphorien unamuchukia, ikakuwa mubaya. Na redio iko moja!"

Jioni hiyo alinitembeza nyumba kwa nyumba, niseme kwa kinywa changu kwamba nilimsingizia mtu. Mama Léontine alirudisha redio yake kwa fundi bila kuinua macho, na wengine wakamfuata. Mwisho nikasimama mbele ya Symphorien. Uwizeye alikuwa kando yake, amenipa mgongo.

"Papa Symphorien, unisamehe."

"Nimesikia," alijibu, huku mikono yake ikiendelea na kazi. "Lakini huyu mutoto alilala na njaa siku mbili sababu ya maneno yako. Siku ingine, kabla ya kusema kitu iko mubaya, ujiulize: ni kitu iko mubaya, ao ni mwenye kuitengeneza unachukia? Kama hauna jibu, ufunge kinywa."

Kesho yake Uwizeye alirudi darasani. Alipita karibu nami bila kunisalimu, na sikuwa na haki ya kulalamika.