Vidonge vya Mama Rosalie

Kila siku saa saba, Gaëlle akitoka shuleni, alipita njia ya nyuma, kando ya ukuta wa karakana iliyofungwa. Huko hakukuwa na watu wa kumsalimu. Kwenye barabara kubwa ya mtaa wao wa Kikula walikaa muuza makaa, fundi viatu na akina mama wa unga, na wote walimwita jina moja: Docta.

Jina hilo alipewa na babu yake, Nkambo Octave, alipokuwa na miaka minne. Nkambo alifanya kazi mgodini miaka thelathini na aliwazika wenzake wengi waliokufa kwa magonjwa ya kifua. Siku moja alimkuta mjukuu wake akimfunga mdoli bandeji ya kitambaa, basi akatangaza kanisani kwamba Mungu ameipa familia daktari. Sasa Gaëlle alikuwa na miaka kumi na minne, darasa la nane. Ijumaa walitakiwa kurudisha karatasi ya kuchagua seksio, yaani masomo ya kuendelea nayo sekondari. Nkambo alikwisha kuijaza: biolojia na kemia. Hakujua kwamba mwezi uliopita, Divin wa darasani alipochanika goti, Gaëlle aliiona damu, macho yakaingia giza, akajifungia chooni mpaka kengele ilipolia.

Jumatatu jioni alikuja jirani yao, Mama Rosalie, muuza unga. Alikuwa ametoka kituo cha afya na kifuko kidogo cha vidonge vya presha. Alikuwa amekifunga kwenye pindo la kitenge, mvua ikamnyeshea njiani.

"Docta, unisomee," akasema. "Walinieleza, nikasahau. Nimeze mara ngapi kwa siku?"

Gaëlle alikigeuza kifuko huku na huku. Wino wote ulikuwa umetoka. Hapakuwa na kitu cha kusoma. Alitaka kusema hivyo. Lakini Nkambo alikuwa amepunguza sauti ya redio, anamtazama kwa ile furaha yake. Gaëlle akakumbuka vidonge alivyomeza yeye mwenyewe mwaka jana alipokohoa.

"Mara tatu," akasema. "Asubuhi, mchana na jioni."

"Unaona?" Nkambo akamwambia jirani. "Na hata shule hajamaliza."

Kesho yake, akirudi kutoka shuleni, Gaëlle alipita barabara kubwa kwa makusudi. Mama Rosalie alikuwa ameinama nyuma ya beseni lake la unga, ameshika kichwa. Alisema kila kitu kinazunguka, kisha akajaribu kutabasamu. "Dawa iko na nguvu, Docta. Itaniponyesha."

Wateja wawili walikuwa wakisubiri. Gaëlle alijiambia kwamba atasema jioni, akaondoka haraka. Nyumbani aliacha sahani ya bukari, ule ugali wao, akahesabu vidonge. Jana jioni kimoja. Leo asubuhi kimoja, mchana kimoja. Kingine kilikuwa kinakuja.

Jioni ilipokaribia, uani Nkambo alikuwa na rafiki yake Godefroid, mstaafu mwenzake, akimsimulia jinsi mjukuu wake anavyosaidia wagonjwa wa mtaa. Gaëlle alisimama mlangoni. Akinyamaza, Mama Rosalie angemeza tena. Akisema, Nkambo angeaibika mbele ya rafiki yake. Alitafuta njia ya tatu, asiione.

"Nkambo, miye sikujua," akasema. "Nilibahatisha."

Papa Godefroid alicheka, akidhani ni mzaha. Gaëlle akarudia: kifuko hakikuwa na maandishi, na Mama Rosalie anaumwa kwa sababu yake yeye.

Nkambo akasimama. Alichukua kofia yake, akatoka, na Gaëlle akamfuata mbio. Walimkuta Mama Rosalie mlangoni kwake, na kikombe cha maji mkononi, kidonge tayari kwenye kiganja. Gaëlle aliukamata mkono ule, akaeleza yote bila kuinua macho.

Mama Rosalie akaweka kikombe chini. "Mutoto, si ungesema tu?"

Walimshika huku na huku wakampeleka polepole kituo cha afya. Muuguzi, Mama Cathy, alimpima presha, akakunja uso. Ilikuwa imeshuka mno. Kidonge kile kilikuwa cha mara moja kwa siku. Akamlaza, akaiinua miguu yake, akampima tena na tena. Baada ya saa moja na nusu, presha ilianza kupanda.

Ndipo Nkambo akauliza kama kuna jambo lingine ambalo Gaëlle amelificha. Gaëlle akasema kuhusu damu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nkambo, hukuniuliza."

Mzee aliketi kwenye benchi, akatazama mikono yake. Kisha akakiri kwamba ni kweli.

Mama Cathy alisema kwamba yeye alizimia siku ya kwanza ya mafunzo, akamwangukia mgonjwa miguuni. Wengine huzoea damu, wengine hawazoei kabisa, na hao pia wana kazi: kutoa dawa famasi, kutunza kadi, kufundisha akina mama lishe. Akamwalika Gaëlle kesho mchana, siku ya kupima watoto kilo, aone kazi kwa macho yake kabla ya kurudisha karatasi yoyote.

Kisha akaandika kifuko kipya, akamwambia Gaëlle amweleze mgonjwa.

"Mama, kesho usimeze," Gaëlle akasema. "Keshokutwa uje upimwe kwanza. Halafu ni kimoja tu, asubuhi."

"Sawa," Mama Cathy akasema. "Sasa sikia, mwanangu. Mgonjwa haoni kilicho ndani ya kidonge. Anameza kwa sababu anakuamini. Usipojua, sema hujui, kisha mtafute anayejua. Nina miaka ishirini hapa, na leo peke yake nimewaambia wagonjwa wawili kwamba sijui, nikamwuliza anayejua. Hakuna aliyenidharau, na wote wawili wamerudi nyumbani wazima."