Mama Mkubwa Hakuja Krismasi

Kila Jumamosi, baada ya kifungua kinywa, Araceli aliosha vyombo na baba yake, Rogelio, akavifuta. Majira yale ya baridi kazi hiyo ilipata nyongeza. Vyombo vikiisha, baba na binti walikaa mezani wakajifanya mume na mke wanaogombana, na mama, Bi Graciela, akawasikiliza.

"Huyu mwanamume hajui kusema asante!" Araceli alilalamika, mikono kiunoni. "Maharage nimepika mimi, mikate ya tortilla nimechoma mimi, yeye kazi yake kula na kulala!"

"Maharage yenyewe yana chumvi ya kuulia konokono," baba akajibu.

"Rogelio, na wewe umezidi!" Mama akadakia, kisha akajiziba mdomo. "Jamani, nimeegemea upande tena."

Wote wakaangua kicheko. Mama alikuwa karani wa mapokezi katika zahanati moja mjini Pueblo. Shahada yake ya kwanza aliisotea kwa masomo ya jioni, na sasa alikuwa ameomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamili katika ushauri wa ndoa na familia. Mshauri wa namna hiyo hatoi hukumu. Huwasikiliza wanandoa, wazazi na watoto mpaka nao waanze kusikilizana. Kwa mtu kama mama, aliyezoea kusema lolote linalomjia kichwani, hilo lilikuwa zoezi gumu kwelikweli.

Chuo cha karibu chenye masomo hayo kilikuwa kimoja tu. Asipochukuliwa, angerudi kwenye dirisha lake la mapokezi kwa mwaka mwingine mzima. Araceli, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliitaka nafasi ile pengine kuliko mama mwenyewe. Alikuwa ameshawatambia wasichana wenzake darasani kwamba mama yake atakuwa mtaalamu.

Siku ya usaili, uliofanywa kwa video, theluji ilikuwa imejaa hadi kwenye ngazi za mlango. Baba alikuwa kazini, kwenye kiwanda cha chuma. Mama alivaa blauzi yake ya bluu, akaweka kompyuta juu ya meza ya jikoni, akamgeukia binti yake.

"Chumbani, mwanangu. Na usitoke mpaka nikuite."

Araceli akaenda, lakini mlango aliuacha wazi kidogo, akatega sikio. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Profesa Lindquist, aliyeongoza usaili, aliuliza na mama akajibu bila kusita. Kisha likaja swali zito.

"Tueleze ugomvi mmoja wa familia yako, Bi Graciela. Na wewe ulichangia nini?"

Mama akavuta kiti karibu na kompyuta, akaanza. Alisimulia jinsi dada yake, Eufemia, alivyomuuguza mama yao kule mji wa Alamosa mpaka siku ya mwisho, peke yake, huku yeye akipiga simu tu na kutoa visingizio vya kazi na masomo. Siku ya mazishi Eufemia alimwita mgeni mbele ya watu. Tangu hapo hawajasemezana, mwaka wa tatu sasa.

"Mimi ndiye niliyemwachia mzigo," mama alisema. "Na sijawahi kumwomba radhi."

Kule mlangoni Araceli akashangaa. Mbona anajimaliza mwenyewe? Nani atampa nafasi ya kupatanisha familia za watu wakati ya kwake imemshinda? Hakungoja kufikiri mara mbili. Alitoka mbio, akatokeza kichwa mbele ya kompyuta.

"Lakini siku hizi wamepatana! Mama mkubwa Eufemia alikuja Krismasi, tukapika tamale za unga wa mahindi wote, wakakumbatiana mpaka wakalia!"

Profesa akacheka kwa furaha. "Habari njema hiyo! Kumbe una wakili nyumbani, Bi Graciela."

Mama alifungua mdomo. Akaufunga. Kisha akatabasamu, na muda wa usaili ukawa umekwisha.

Araceli alisimama akingoja shukrani. Mama alifunika kompyuta polepole.

"Krismasi ipi hiyo, Araceli?"

"Mama, nimekuokoa! Ulikuwa unazama!"

"Nilikuwa nasema kweli."

Uso wa mama haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha binti. Akatafuta haraka pa kutokea. "Basi mpigie mama mkubwa sasa hivi. Mwalike leo. Mkipatana, haitakuwa uongo tena."

Mama aliichukua simu. Akalitafuta jina la dada yake, akaliangalia kwa muda, kisha akaiweka simu mezani.

"Nikimpigia sasa, nitakuwa nampigia kwa ajili ya chuo," alisema. "Nimemtumia dada yangu vya kutosha. Nampigia profesa kwanza."

"Watakunyima!"

"Huenda. Njoo ukae hapa."

Araceli alikaa. Profesa alipopokea, mama aliweka spika, akampa binti yake simu. Araceli akaeleza: Krismasi mama mkubwa hakuja, hajawahi kukanyaga nyumba hii, na yote yale aliyatunga yeye. Akaomba radhi huku machozi yakimdondokea mikononi.

"Mtoto ameeleza la kwake," profesa alisema. "Na wewe, Bi Graciela?"

"Mimi nilitabasamu," mama akajibu. "Ningeweza kukanusha palepale, sikukanusha. Kosa hilo ni langu, si la mtoto."

"Nitawaeleza wenzangu yote, kama mlivyoyasema. Siwezi kukuahidi chochote."

Jioni hiyohiyo, baba aliporudi, mama alimpigia dada yake. Eufemia hakumpokea kwa vigelegele.

"Leo ndiyo umenikumbuka?" sauti yake ilisikika mpaka kwenye kochi. Akaendelea hapo, akatoa donge lote la miaka mitatu. Araceli alimtazama mama, akijua jinsi asivyoweza kuvumilia kusemwa. Lakini mama hakujitetea hata kwa neno moja. Alisikiliza mpaka dada yake akachoka, ndipo akasema, "Una haki, dada. Nisamehe." Upande wa pili wa simu kukawa na kilio, na huku nyumbani mama naye akalia, baba akajidai anatafuta kitu kwenye jokofu.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, jibu la chuo likaja. Mama amechukuliwa. Alipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka. Baba akambeba akamzungusha jikoni, na Araceli akawadandia wote wawili.

Walipotulia, mama alimvuta binti yake karibu. "Najua ulitaka kunisaidia. Lakini watu watakaokuja kwangu wataleta nyumba zao zikiwa zimebomoka, bila kuzipaka rangi. Mimi nikiipaka rangi ya kwangu, nitawatazamaje usoni?"

Araceli aliinamisha kichwa. Alikuwa ameelewa, au alidhani ameelewa, mpaka siku ya kuwakaribisha wanafunzi wapya na familia zao. Ukumbi ulijaa watu waliovaa vizuri, na mwanamke wa makamo mwenye miwani alikuja moja kwa moja mpaka walipokaa. Alikuwa Profesa Lindquist.

"Wakili wetu!" alisema, akampa Araceli mkono. "Haya, niambie. Mama mkubwa ameshakuja kwenu?"

Watu walikuwa wakiwatazama. Jibu tamu lilikuwa tayari mdomoni, lingewafurahisha wote. Araceli akalimeza.

"Bado, Profesa. Mama alimwalika Pasaka, akasema hayuko tayari. Ila Jumapili huwa wanaongea, na wiki iliyopita waligombana kidogo."

Profesa aliinama mpaka macho yao yakakutana. "Mwanangu, hata siku ile jibu kama hili lingetutosha," alisema. "Familia inayogombana kidogo na kuongea tena tunajua jinsi ya kuisaidia. Ile ya kutungwa, isiyokuwepo, hakuna anayeweza kuisaidia."