Povu Lililomezwa

Kila Jumamosi asubuhi, Chapchap alimsaidia shangazi yake kufungua karakana ya pampu. Shangazi alikuwa fundi, na siku hiyo alifundisha vijana kutafuta hitilafu. Aliharibu pampu kuukuu kwa makusudi, mahali pasipoonekana, kisha akawaambia, "Mgonjwa wenu huyo. Mikono nyuma! Kwanza tazama, sikiliza, uliza."

Msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakuitwa Chapchap bure. Mikono yake ilitangulia, kichwa kikafuata baadaye kikihema. Asubuhi hiyo alibadilisha fyuzi, akabadilisha swichi, akakaza kila nati aliyoiona. Pampu ikanguruma. Akajipiga kifua.

"Ilikuwa na ugonjwa gani?" shangazi akauliza.

"Si imepona, shangazi?"

"Nimekuuliza ugonjwa, mwanangu."

Chapchap akaitazama fyuzi, akaitazama swichi. Wenzake wakaanza kucheka chini chini.

"Basi hujatengeneza, umebahatisha. Ikizima tena hutajua pa kuanzia. Ukibahatisha mara nyingine, utatoka darasani kwangu mpaka mwakani."

Maneno hayo yalimchoma. Hakuna kitu alichokipenda kuliko darasa lile.

Hata hajameza mate, mpishi wa shule ya bweni ya jirani akaingia mbio. "Fundi, tuokoe! Pampu inanguruma lakini maji hayaji. Tangi limekauka, na mwalimu mkuu anasema jioni atawarudisha watoto makwao!"

Shangazi akamkabidhi Chapchap mfuko wa vifaa. "Huyu ni mgonjwa wako. Umeme niachie mimi."

Walipofika kwenye pampu ya shule, mikono ya Chapchap ilimwasha. Spana ilikuwa pale pale! Akaipeleka mikono nyuma, akajishika vidole kwa nguvu.

"Mama, ilianza lini?" akamuuliza mpishi.

"Jana jioni."

"Kabla ya hapo kuna kitu kiliguswa?"

"Mimi nagusa masufuria tu!" mpishi akaruka. Kisha akakuna kichwa. "Ila mtunza bustani alilifungua bomba la kisimani, akalisafisha, akalirudisha."

Shangazi akaijaza pampu maji ili iweze kuvuta, akaiwasha. Chapchap akatega sikio. Ilizunguka vizuri, kwa hiyo umeme haukuwa na kosa. Maji hayo mpishi aliyateka kisimani kwa ndoo, kwa hiyo kisima nacho kilikuwa kizima. Basi ubaya ulikuwa katikati, kwenye bomba.

"Nadhani linavuta hewa badala ya maji," akasema. "Lakini sijui bado. Nataka kupima."

Akaomba sabuni, akapaka povu kwenye maungio ya karibu na pampu. Povu likatulia. Akapaka maungio yaliyofuata. Likatulia. Akapaka yale ya karibu na kisima, na povu lote likamezwa ndani, fyuu!

"Hapa! Hewa inaingilia hapa!"

Shangazi akazima umeme. Chapchap akafungua maungio na kukuta mpira wa ndani umejikunja na kuchanika. Mtunza bustani alikuwa ameurudisha vibaya. Chapchap akaweka mpya, akakaza, wakaijaza pampu maji tena. Shangazi akaiwasha.

Bomba likakohoa, likatema hewa, kisha maji yakapanda kwa kishindo hadi kwenye tangi. Mpishi akamnyanyua Chapchap juu juu. Wanafunzi wakamiminika na ndoo zao wakishangilia.

Mwalimu mkuu akaja na kumpa shangazi mkono. "Asante sana, fundi."

Shangazi akamsogeza mpwa wake mbele. "Fundi wa leo ni huyu. Hakubahatisha. Aliuliza, akapima kimoja kimoja, na hakuona haya kusema 'sijui bado'. Ukitafuta chanzo kwa subira, kazi yako itadumu. Na darasani kwangu haondoki mtu huyu!"

Mwalimu mkuu akaupokea mkono mdogo uliojaa matope, akautikisa kwa heshima zote. Chapchap alicheka kwa furaha mpaka machozi yakamtoka.