Dakika Alizozipunguza Chiriku

Asubuhi za shule, Chiriku hakuamshwa na jogoo wala kengele. Aliamshwa na raba za mama yake zikipigwa ukutani kukung'uta vumbi la jana. Pa! Pa! Kisha mlango wa uani ulilia kwii, na mama akaita, "Chiriku, amka mwanangu. Saa iko wapi?"

Chiriku alitoka akipiga miayo, shuka mabegani, saa ya michezo ikining'inia shingoni. Saa hiyo waliazimwa na kinyozi, jirani yao. Aliketi kwenye ngazi ya mbele, akabonyeza kitufe, na mama akaondoka mbio kufuata barabara ya kiwanda cha sabuni. Mama alikuwa akiuzunguka uwanja wa mpira kisha anarudi nyumbani, na Chiriku anabonyeza tena na kumsomea muda kwa sauti. Mama alikimbia bila miwani, na bila miwani tarakimu za saa ile kwake zilikuwa kama sisimizi tu.

Mama yake Chiriku alikuwa fundi wa kushona. Kutwa nzima alikaa mbele ya cherehani, mgongo umepinda, miguu ikikanyaga bila kwenda popote. Mwaka uliotangulia alikwenda zahanati kupima presha, na muuguzi akatikisa kichwa. "Dada, umekaa kitini lakini moyo wako unahangaika kama mtu anayepanda mlima. Anza kutembea."

Mama akaanza kutembea. Kutembea kukazaa kukimbia. Siku ya kwanza alikimbia hadi kona, akarudi ameshika kiuno, jasho likimtiririka. Baba, ambaye alikuwa fundi wa mabomba, alimtazama akasema, "Mke wangu, mbona unavuja kila mahali? Nilete spana?" Walicheka mpaka majirani wakachungulia dirishani.

Lakini mama hakuacha. Miezi ikapita, na siku moja akatangaza kwamba angeshiriki marathoni ya mji wao. Kinyozi, ambaye alikwisha kukimbia marathoni kadhaa kabla goti lake halijaharibika, alifurahi kupata mwanafunzi. Alimwambia, "Mama Chiriku, marathoni haitaki ubabe, inataka hesabu. Kila mtu ana mwendo wake. Ukiujua mwendo wako na kuufuata, utafika. Ukiazima mwendo wa mwenzako, mwili utakukatalia njiani, na hapo hakuna wa kukubeba."

Ndiyo maana saa ile ilikuwa na umuhimu. Kila jioni Chiriku alimpelekea kinyozi taarifa ya mbio za asubuhi, naye akapima nguvu za mama kwa taarifa hizo.

Kila kitu kilikwenda sawasawa mpaka asubuhi moja baada ya mvua kubwa. Barabara ilikuwa tope tupu. Mama alirudi taratibu, kichwa kimeinama.

"Haya, nisomee," alisema.

Chiriku akaitazama saa. Muda ulikuwa mbaya kuliko wa wiki nzima.

"Sema tu," mama akasema. "Najua. Leo nimejikokota kama konokono. Nadhani niache mchezo huu, nitakuwa kichekesho cha mji."

Chiriku alimhurumia sana. Kabla hajafikiri, mdomo wake ulikwisha kusoma muda mwingine, mfupi kuliko ule ulioonekana kwenye saa.

"Kweli?" Uso wa mama ulichangamka. "Kwenye tope lote lile?" Akaingia ndani akiimba, akachemsha chai na mayai, akamwongezea Chiriku kipande cha mkate.

"Uongo mdogo hauna madhara," Chiriku alijiambia huku akitafuna.

Tatizo ni kwamba uongo ule haukukaa mdogo. Siku iliyofuata, kama angesoma ukweli, ingeonekana mama amerudi nyuma. Basi akapunguza tena. Na kesho yake akapunguza zaidi kidogo, ili ionekane mama anaendelea vizuri. Kinyozi akashangaa, "Ama kweli mama yako ana mapafu ya punda!" Chiriku akacheka naye, lakini kicheko chake hakikuteremka tumboni.

Shuleni nako maneno yalimtoka. Jina la Chiriku hakupewa bure. Alisema kuliko darasa zima. "Mama yangu atakuwa miongoni mwa wa kwanza," alijigamba wakati wa mapumziko.

"Mama yako yule fundi wa sare zetu?" aliuliza mvulana mmoja waliyemwita Mapengo, kwa sababu ya nafasi kati ya meno yake. "Basi na bibi yangu mimi atachezea timu ya taifa!"

Darasa likaangua kicheko. Chiriku akapandwa na hasira. "Njoo siku hiyo ujionee mwenyewe!"

Siku ya mbio ilifika. Mapema asubuhi, barabara kuu ilijaa watu wa kila umri, wenye namba vifuani, wakirukaruka na kunyoosha viungo. Mama alivaa fulana aliyojishonea mwenyewe, rangi ya chungwa, inayoonekana kutoka mbali. Kinyozi alikuwa mmoja wa wasimamizi. Alimwongoza mama mpaka mahali pake, kisha akarudi pembeni aliposimama Chiriku na baiskeli yake. Mapengo naye alikuwa amekuja, kama alivyotakiwa.

"Unaziona zile bendera?" kinyozi aliwauliza. "Kila bendera inashikwa na mkimbiaji mzoefu anayekwenda mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ya njano ni ya wenye kasi. Ya buluu ni ya kati. Ile ya kijani kule nyuma ni ya wanaokwenda taratibu. Nyuma yake ni basi la wasimamizi. Likikufikia, mbio zako zimekwisha, unapanda, unarudishwa."

"Mama anafuata ipi?" Chiriku aliuliza, ingawa alihisi jibu.

"Ya njano, bila shaka! Kwa muda uliokuwa ukiniletea, hiyo ndiyo saizi yake."

Chiriku alimvuta mkono. "Na kama mtu akiifuata ya njano na haiwezi?"

"Nusu ya kwanza atajiona mfalme," kinyozi alijibu. "Nusu ya pili atatafuta ukingo wa kukaa. Wengine huanguka kabisa, wakachukuliwa na gari la wagonjwa."

Palepale filimbi ikalia. Umati ukasogea kwa kishindo, na fulana ya rangi ya chungwa ikaondoka nyuma ya bendera ya njano.

"Mama!" Chiriku alipiga kelele. "Mama, ngoja!" Lakini kila mtu pale alikuwa akipiga kelele, na sauti yake ikamezwa.

Machozi yakamlengalenga. Kinyozi akainama. "Kuna nini, binti?"

"Nilipunguza," Chiriku alisema. "Zile dakika. Nilikuwa nazipunguza mimi. Mama hana kasi ile."

Kinyozi hakumgombeza. Alisema tu, "Basi usisimame hapa. Pita nyuma ya gereji, utokee kwenye meza ya maji ya kituo cha zimamoto. Ukikaza, utawawahi. Mwambie yeye kama ulivyoniambia mimi."

Chiriku akarukia baiskeli. Mapengo akadandia nyuma bila kuuliza. Walipita vichochoroni, wakaruka mitaro, wakamkosakosa kuku mmoja, na wakati wote Mapengo alipiga mayowe, "Tupisheni! Baiskeli haina breki!" Breki zilikuwepo, ila aliona hivyo watu watapisha haraka zaidi.

Walifika kwenye meza ya maji wakati bendera ya njano ikichomoza. Mama alikuwa nyuma yake, anatabasamu, lakini mdomo uko wazi na mabega yamepanda juu masikioni. Chiriku alikimbia kando yake na kikombe cha maji.

"Mama, punguza mwendo! Tafadhali! Nilikudanganya. Muda niliokusomea haukuwa wa kweli. Tangu ile siku ya tope."

Mama akapunguza mwendo. Kisha akaanza kutembea. Alikunywa maji yote, akakitazama kikombe kitupu, halafu akamtazama mwanawe kwa jicho ambalo Chiriku hakuwahi kuliona.

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

Bendera ya njano ilikuwa ikitokomea. Mama akaiangalia ikienda, akashusha pumzi ndefu. "Haya tutayazungumza nyumbani. Sasa nataka jambo moja tu, nalo liwe kweli. Kwa mwendo wangu hasa, bendera yangu ni ipi?"

"Ya kijani," Chiriku alisema, machozi yakimdondoka. "Ile ya mwisho."

"Basi na ije," mama alisema. Akaendelea kutembea taratibu, mikono kiunoni, wakimbiaji wakimpita kulia na kushoto, hadi bendera ya kijani ilipomfikia. Hapo akaanza kukimbia tena.

Chiriku na Mapengo walikwenda kumsubiri kwenye mlima wa mwisho, karibu na stoo za mbao. Walisubiri sana. Jua lilipanda. Bendera ya njano ikapita, kisha ya buluu. Hatimaye ya kijani ikatokea, ikiwa na kundi dogo la watu wanaohema. Mama hakuwemo.

"Labda amepanda basi," Mapengo alisema kwa sauti ya chini. Safari hii hakuwa akitania.

Kisha kule chini ya mlima wakaiona fulana ya rangi ya chungwa. Kasi ile ya asubuhi ilikuwa imemla mama nguvu. Alikuja kwa hatua fupi fupi, amekunja uso, na nyuma yake, mbali kidogo, basi la wasimamizi lilikuwa likinguruma taratibu.

Watu waliojipanga kandokando walimshangilia. "Kaza mama! Umeshafika!" Mmoja akaongeza, "Ni hapo tu kwenye kona!" Hata Mapengo akafunua pengo lake lote, "Umefika mama, umefika!"

Mama hakuwatazama. Alimtafuta Chiriku kwa macho, akamwona. "Mwanangu," alisema kwa shida, "nimebakiza kiasi gani?"

Neno "kidogo" lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi wa Chiriku. Mama alikuwa amechoka mno! Lakini akalimeza.

"Bado mbali, mama," alisema, akitembea kando yake. "Kuna mlima huu wote. Baadaye kuna daraja. Baada ya daraja ni barabara ya hospitali, ndipo uwanja. Usikimbie mlimani, tembea. Basi bado liko mbali. Ukifika juu, shuka kwa mwendo wako wa kila siku asubuhi. Ule wa kweli."

Mama akakubali kwa kichwa. "Nimekusikia."

Akatembea mlima wote bila haraka. Alipofika kileleni, akashusha mabega, akaanza kukimbia polepole, mwendo uleule wa barabara ya kiwanda. Haukuwa mwendo wa kupendeza, lakini haukukatika. Alivuka daraja. Akapita hospitali. Basi lilinguruma nyuma yake, na halikumfikia.

Uwanjani watu wengi walikuwa wamekwisha kuondoka, na vijana walikuwa wanakunja mahema. Baba alisimama kwenye mstari wa kumalizia akipunga kofia kama mtu anayefukuza nyuki. Mama alipovuka mstari, baba alimdaka, wakayumba wote wawili, nusura waanguke. Kinyozi akamvisha medali. Mama akaishika, akaibusu, akacheka na kulia kwa pamoja.

Mapengo alimgeukia Chiriku. "Ulisema atakuwa miongoni mwa wa kwanza."

"Nilisema uongo," Chiriku alijibu. "Amekuwa karibu na wa mwisho. Lakini amemaliza."

Mapengo aliitazama baiskeli. "Mimi baiskeli tu imenimaliza," alisema, "na sikuwa naiendesha mimi." Kisha akaenda kumpa mama mkono.

Jioni mama alikaa uani, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Chiriku alichuchumaa mbele yake akimkanda visigino.

"Najua kwa nini ulifanya vile," mama alianza. "Uliniona nimevunjika moyo, ukataka nifurahi. Huo ni upendo, na siukatai. Lakini mimi nilipanga nguvu zangu zote kwa maneno yako. Mtu anaweza kuwa mzito, akajua ni mzito, akajipanga na akafika. Ukimwambia ni mwepesi, unampeleka mahali ambapo miguu yake haimfikishi. Leo ungenifikisha kwenye gari la wagonjwa."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe, palepale mlimani. Watu wote walinipa maneno matamu, na hakuna hata mmoja niliyemwamini. Wewe uliniambia ni mbali, na hilo ndilo lililonipa nguvu, kwa sababu nilijua nguvu za kubakiza ni kiasi gani." Mama akamwinua kidevu. "Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Na marathoni, mwanangu, ni ndefu. Karibu kila kitu chenye maana ni kirefu: masomo, kazi, hata kuishi na watu. Huwezi kukimaliza kwa uongo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Vizuri. Kesho utakwenda kwa kinyozi umwombe radhi. Naye alipoteza jioni zake nyingi kupiga hesabu za hewa."

Chiriku akafuta mikono yake kwenye gauni, akasimama. "Si kesho, mama," alisema. "Bado hajafunga duka. Naenda sasa hivi."