Sindano za Chumba cha Nyuma

Kabati la dawa lilifunguliwa kwa ufunguo. Inspekta aliinama akakagua kitasa; hakikuwa na hata mkwaruzo.

"Nini kimeibwa?"

"Streptomaisini tu, boksi zima la sindano," alijibu daktari wa zahanati. "Dawa za bei kubwa ziko palepale."

"Inatibu nini?"

"Kifua kikuu." Daktari alisita. "Na tauni. Lakini hapa sijawahi kuiona."

Ufunguo mwingine alikuwa nao muuguzi wa zamu. Inspekta, aliyekwisha kuhisi kuwa mwizi ana mgonjwa nyumbani, alimkuta akifunga kidonda.

"Dada, mumeo anafanya kazi gani?"

"Ana mashine ya kusaga nafaka, nyumbani."

"Leo anasaga?"

"Amesafiri."

"Kwenda wapi?"

Muuguzi aliinamia tena kidonda.

Njia ya mwongo ni fupi. Inspekta alipofika naye nyumbani kwake, mashine ilikuwa imezimwa, na panya wawili wamekufa kando ya magunia. Katika chumba cha nyuma mtu alikohoa.

Inspekta akaushika mlango. Muuguzi akamvuta kwa nguvu.

"Usiingie bila barakoa, afande!"

"Kumbe unaujua ugonjwa wenyewe."

Muuguzi aliketi juu ya gunia. "Mume wangu aliokota panya waliokufa kwa mikono mitupu. Ikaja homa, kisha mtoki kinenani, mkubwa kama yai. Nikajua ni tauni. Sindano nimeiba mimi, namchoma mwenyewe. Jana kikaanza kikohozi."

"Mbona hukumwambia daktari? Si inatibika ikiwahiwa?"

"Kaka yangu aliugua nikiwa mdogo. Alipona. Majirani walitukimbia, hata mkono hawakutupa, mpaka tukahama. Sikutaka wanangu wayaone hayo."

"Wako wapi?"

"Kwa mama yangu. Tangu asubuhi."

"Baada ya kulala nyumba moja na kikohozi hicho?"

Muuguzi alifunika uso, akalia kwa sauti. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kuwataja wote waliokuja kusaga.

Inspekta alimpigia daktari simu. Mgonjwa akahamishiwa wodi ya peke yake. Muuguzi, watoto, bibi yao, inspekta mwenyewe na wateja, ambao hawakuambiwa mgonjwa ni nani, wakaanzishiwa vidonge vya kinga. Hakuna aliyeugua. Mume naye akapona.

Siku ya kesi, muuguzi alimnong'oneza inspekta, "Wizi nakubali. Ugonjwa wa mume wangu tu usiutaje, majirani wamo humu."

Inspekta aliutaja, tena kwa sauti. Akaeleza kuwa unatibika, na kwamba aliyeugua akapona ni yule aliyeketi safu ya mbele.

Vichwa viligeuka. Jirani aliyeketi ubavuni pa yule mume alimtazama, wala hakusogea kumkimbia.