Soketi ya Saba

Kila jioni baada ya shule, Moureen alipitia kibandani kwa shangazi yake Jerusha, karibu na soko la Voi. Alifagia, akapanga skrubu kwenye mikebe, kisha akafanya kazi yake ya shule huku shangazi akitengeneza redio na simu.

Jumatatu moja aliingia Mwalimu Obadiah, mzee mstaafu kutoka Bura, amekumbatia kompyuta ya zamani. Ilikuwa kibodi nene tu, ya kuunganishwa na televisheni.

"Marehemu mke wangu, Everlyne, alichapa humu maneno ya lugha yetu ya Kidawida aliyoyakusanya kwa wazee," alisema. "Aliyahifadhi kwenye kaseti, na mashine hii tu ndiyo inayoweza kuisoma. Sasa nikiiwasha, naona weusi mtupu."

Jerusha aliifungua. Ndani mlikuwa na chipu nane za kumbukumbu, kila moja imechomekwa miguu yake kwenye soketi, kiota kidogo cha kuishikilia.

"Kompyuta isipoweza kukumbuka, haianzi kazi," alimweleza Moureen. "Soketi ikizeeka hulegea, miguu ya chipu isiguse vizuri. Toa chipu moja moja, isafishe, irudishe, usikie kama soketi inaishika. Matokeo uandike kwenye karatasi hii."

Moureen alimaliza tano, vidole vikamuuma. Ndipo rafiki yake Wendy akachungulia mlangoni.

"Moureen, netiboli inaanza! Tunakungoja wewe tu."

Moureen alizitazama chipu tatu zilizobaki. Zilifanana na zile tano kama shilingi kwa ya pili. Akaandika "imeshika" mara nane, akakimbia.

Shangazi aliiamini karatasi ile. Kwa kuwa soketi zote zilikuwa nzima, alitafuta ubovu kwingine. Jumanne alipima njia za umeme. Jumatano alibadilisha vipuri viwili. Kufikia Alhamisi macho yake yalikuwa mekundu, na skrini ya televisheni ilikuwa nyeusi vilevile. Moureen alitaka kusema, lakini ulimi ulikuwa mzito, na kila siku iliyopita iliuzidishia uzito.

Ijumaa Mwalimu Obadiah alirudi.

"Nisamehe, Mwalimu," Jerusha alisema, ameinamisha kichwa. "Nimejaribu yote ninayoyajua. Nimeshindwa."

Mzee alizipapasa herufi za kibodi moja moja.

"Basi Everlyne amekufa mara ya pili," alisema polepole, akaanza kukunja waya.

Moureen akaangua kilio. "Ni mimi! Chipu tatu za mwisho sikuzigusa. Niliandika uongo, shangazi. Nisamehe, Mwalimu."

Jerusha aliivuta kompyuta ile mezani tena. "Lete bisibisi."

Moureen aliitoa chipu ya sita, akairudisha. Ilishikwa imara. Ya saba ilitoka bila kuvutwa, kama jino la mtoto lililolegea.

"Hii haishiki kabisa," alinong'ona.

Jerusha aliing'oa soketi ile kuukuu, akachomelea nyingine mahali pake. Moureen akaikagua na ya nane bila kuambiwa. Walipoiwasha kompyuta, maandishi yalitokea. Kaseti ilizunguka muda mrefu, na hapo maneno ya Everlyne yakaanza kushuka kwenye skrini. Mzee aliyasoma kwa sauti, sauti ikikatika njiani.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu," alimwambia Moureen alipokuwa akiondoka. "Lakini leo nilimzika mke wangu tena."

Maneno hayo yalimkaa Moureen moyoni. Alibaki amesimama, machozi yakimdondoka kwenye sare.

"Kuchoka si kosa," Jerusha alisema, akimvuta karibu. "Ungeandika kwamba umekagua tano tu, ningezimalizia mwenyewe siku ileile. Lakini uliandika kazi usiyoifanya, nami nikaufuata uongo wako kama kipofu anayeshikwa mkono. Aliyeumia ni yule mzee. Kuanzia leo, andika ulichofanya, hata kikiwa kidogo. Kazi iliyosalia mtu ataikamilisha. Kazi ya uongo hakuna anayejua pa kuanzia kuirekebisha."