Chelagat Alipokataa Kuomba

"Chelagat, tubarikie chakula," Mama Quincy alisema. Kuku alikuwa bado anatoa mvuke.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika kwa kina Quincy, Gilgil. Wazee walikuwa wameshafumba macho.

"Samahani, mama. Mwingine aombe. Mimi siombi."

Mama akafumbua macho. "Si Quincy alituambia unaimba kwaya huko Nakuru?"

Chelagat akamgeukia mchumba wake. Quincy alikuwa anaangalia ugali.

"Sijawahi kuimba kwaya, mama. Mimi siamini Mungu. Quincy anajua tangu tujuane."

"Nani alikukosea, mwanangu? Ni pasta?"

"Hakuna. Niliacha tu kuamini, polepole. Singetaka kukudanganya mezani kwako."

Baba Quincy akaomba yeye.

Hata kabla Chelagat hajafika Nakuru, meseji ya Quincy iliingia:

"Ungesema tu Amina, babe. Ni sekunde kumi."

Akajibu: "Na Jumapili? Na watoto wakizaliwa? Umebuni bibi mwingine ukampeleka kwenu. Basi oa huyo."

Wiki tatu hakushika simu zake. Alimmiss vibaya. Siku mbili tatu hivi alijipata akifikiria abatizwe tu, yaishe, halafu akajionea haya.

Kisha namba ngeni ikampigia.

"Chelagat? Ni Mama Quincy. Huyu kijana amekiri. Anasema alikuzulia hiyo kwaya kwa sababu ananiogopa."

"Pole, mama."

"Nimelia sana. Hata sasa roho yangu haijakubali. Lakini watu wa kwaya wamenidanganya mara nyingi. Wewe ulikataa kunidanganya na njaa ikikuuma. Sitaacha kukuombea."

"Sitakukataza, mama."

Jumamosi Quincy alisimama mlangoni kwa Chelagat.

"Nilikuonea aibu, Chela. Nisamehe."

"Na wakikuuliza kanisani bibi yako yuko wapi?"

"Nitawaambia yuko nyumbani, na haamini."

Chelagat akasogea ili apite.

Agosti walienda kwa msajili wa ndoa, Nakuru. Pasta wa Gilgil alikuwa amekataza waumini kuhudhuria, na rafiki wa Quincy aliyepaswa kuwa shahidi akazima simu. Karani alishaanza kufunga faili kwa kukosa shahidi, mlango ulipofunguka. Mama Quincy aliingia akihema, amevaa sare yake nyeupe ya kanisa.

"Pasta amesema nisije," alimwambia karani, akitoa kitambulisho kwa kibeti. "Nisaini wapi?"